Kipimo cha mvuke kinachoamua hatima ya mafuta mazito

VUTA nikuvute iliyoikumba sekta ya mafuta katika jimbo la Alberta, Kanada, kwa takriban miezi sita ilifikia kikomo Novemba 2025, kampuni ya Cenovus ilipokamilisha ununuzi wa kampuni ya MEG Energy kwa zaidi ya dola bilioni 8 za nchi hiyo, madeni yakiwemo.

Mnamo Mei mwaka huo, kampuni nyingine, Strathcona Resources, ilikuwa imejitosa uwanjani na kuwaendea wenye hisa wa MEG moja kwa moja bila ridhaa ya wakurugenzi. Cenovus iliingilia kati Agosti, ikalazimika kuongeza dau lake mara mbili mwezi Oktoba, na hatimaye ikaibuka mshindi.

Ajabu ni kwamba MEG haikuwa na visima vilivyotapakaa duniani. Tegemeo lake lilikuwa eneo moja tu, Christina Lake, kusini mwa mji wa Fort McMurray, linalopakana na eneo la Cenovus lenye jina lilo hilo.

Alberta ina akiba ya zaidi ya mapipa bilioni 150 ya mafuta. Je, kwa nini makampuni makubwa yapigane kufa kupona kwa ajili ya kipande kimoja cha ardhi, ilhali kila upande pamejaa mafuta?

Jibu limo katika tarakimu moja ndogo ambayo ni nadra kutajwa nje ya vikao vya wahandisi na wawekezaji. Nayo ni uwiano wa mvuke kwa mafuta, yaani idadi ya mapipa ya mvuke yanayosukumwa ardhini ili kupata pipa moja la mafuta. Katika eneo la MEG, uwiano huo umekuwa kati ya 2 na 2.5. Katika eneo jirani la Cenovus, umekuwa karibu 2. Kwingineko Alberta kuna miradi iliyofikia 5, na mingine ikaangamia.

Mvuke wa kwenda chini

Msomaji wa Kenya anaujua mvuke wa ardhini kutokana na mitambo ya umeme ya Olkaria karibu na Naivasha. Huko mvuke hutoka chini ukipanda juu, umekwisha kuchemshwa na joto la dunia yenyewe. Alberta mambo ni kinyume. Mvuke hutengenezwa juu kwa kuchoma gesi asilia, kisha hushindiliwa chini kwa nguvu.

Sababu ni kwamba mafuta ya Alberta si yale yanayobubujika kisima kinapochimbwa. Ni lami iliyoshikamana na mchanga. Katika joto la huko chini, ambalo ni karibu nyuzi 10, lami hiyo ina mnato unaozidi wa maji zaidi ya mara milioni moja. Ikipashwa moto hadi nyuzi 200 au zaidi, hulainika na kutiririka mithili ya mafuta ya kupikia.

Sehemu ndogo ya akiba hiyo iko karibu na uso wa ardhi na huchimbwa kwa matingatinga. Lakini takriban asilimia 80 iko chini mno kiasi kwamba haiwezi kufikiwa ila kwa visima.

Wazo la kutumia mvuke si geni. Mwaka 1959, kampuni ya Shell ilikuwa ikijaribu kusukuma mafuta kwa mvuke huko Mene Grande, Venezuela, mvuke ulipopasua ardhi na kutoka nje. Wahandisi walipofungua visima ili kupunguza shinikizo, waliona mafuta yakitoka kwa wingi kutoka katika visima vile vile vilivyokuwa vimetiwa mvuke. Kutokana na ajali hiyo ilizaliwa mbinu ya kutia mvuke, kusubiri, kisha kuvuta mafuta kupitia kisima kimoja. Mbinu hiyo ndiyo iliyotumiwa na kampuni ya Imperial Oil katika eneo la Cold Lake, Alberta, ambako uzalishaji wa kibiashara ulianza miaka ya 1980.

Mhandisi wa kampuni hiyo, Roger Butler, alikwenda hatua moja mbele. Alibuni mfumo wa visima viwili vinavyolala sambamba chini ya ardhi, kimoja juu ya kingine kwa umbali wa mita 5 hivi. Kisima cha juu hutoa mvuke, na cha chini hupokea mafuta yaliyoyeyuka pamoja na maji ya mvuke uliopoa, yote yakishuka kwa uzito wake. Serikali ya Alberta iliufanyia majaribio mfumo huo kuanzia 1987, na mradi wa kwanza mkubwa wa kibiashara ukaanza Foster Creek mwaka 2001.

Hesabu yenyewe

Kwa juu juu, hesabu ya uwiano ni nyepesi kama ya mtoto wa shule ya msingi. Kiasi cha mvuke kilichoingia ardhini hugawanywa kwa kiasi cha mafuta yaliyotoka. Mradi ukitumia mapipa 30,000 ya mvuke kwa siku na kupata mapipa 10,000 ya mafuta, uwiano wake ni 3.

Hata hivyo, pipa la mvuke ni kitu gani hasa? Mvuke hupanuka na kubanwa kutegemea shinikizo, hivyo ujazo wake hauwezi kuaminika. Kwa ajili hiyo, wahandisi hupima maji baridi yaliyotumiwa kuutengeneza. Pipa moja la mvuke ni lita 159 za maji yaliyochemshwa, hata kama mvuke wenyewe ungejaza chumba kizima.

Halafu kuna suala la ukavu wa mvuke. Mitambo mingi ya kuchemshia maji katika sekta hii hugeuza karibu asilimia 80 tu ya maji kuwa mvuke, na asilimia 20 hubaki maji moto. Katika mfumo wa Butler maji hayo hutengwa kwanza ili mvuke mkavu pekee uingie kisimani. Katika mbinu ya kisima kimoja, mara nyingi vyote viwili huingia pamoja.

Tofauti hiyo si ndogo. Katika shinikizo ambalo maji huchemka kwa nyuzi 250, mvuke wenye ukavu wa asilimia 80 hubeba joto pungufu kwa takriban asilimia 12 kuliko mvuke mkavu. Kwa hiyo miradi miwili inayotangaza uwiano wa 3 inaweza kuwa inatumia viwango tofauti vya joto.

Ili kuelewa uzito wa tarakimu hizi, inafaa kuzileta jikoni. Kutengeneza pipa moja la mvuke huhitaji takriban gigajuli 0.45 za gesi. Hilo ni joto linalokaribia robo tatu ya mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 13. Pipa moja la mafuta, nalo, lina nishati ya mitungi kama 10.

Basi mradi wenye uwiano wa 2 huchoma mtungi mmoja na nusu ili kupata mitungi 10. Mwenye uwiano wa 5 huchoma karibu mitungi 4 kwa mavuno yayo hayo. Na hapo bado hakujahesabiwa umeme wa pampu, usafirishaji wala usafishaji wa mafuta yenyewe.

Bei ya gesi ndiyo inayoamua kama tofauti hiyo itauma au la. Katikati ya 2008, bei ya gesi Amerika Kaskazini ilivuka dola 10 kwa gigajuli. Kwa bei hiyo, gesi ya kuzalisha pipa moja la mafuta ingegharimu dola 9 kwa mradi wenye uwiano wa 2, na dola 22.50 kwa ule wa 5.

Kiangazi cha 2025 mambo yaligeuka. Kulikuwa na siku ambazo bei ya gesi Alberta ilishuka chini ya dola 1. Kwa dola 1, mradi wa kwanza ungetumia senti 90 na wa pili dola 2.25. Pengo la dola 13.50 lilikuwa limesinyaa hadi dola moja na senti kadhaa.

Hapa ndipo penye hatari kwa mwekezaji asiye makini. Gesi ikiwa rahisi, mradi mbovu huonekana kama mzuri. Maradhi huwa yamefichwa na dawa ya kutuliza maumivu, lakini hayajapona. Bei ikipanda, yanarudi yakiwa na nguvu zile zile.

Somo la Long Lake

Kuna sababu nyingine ya kuuogopa uwiano mkubwa, ambayo haihusiani na bei ya gesi. Mitambo ya kutengeneza mvuke hujengwa kwa kiwango maalumu kabla ya pipa la kwanza la mafuta kutoka. Mradi wenye uwezo wa mapipa 100,000 ya mvuke kwa siku utatoa mapipa 50,000 ya mafuta uwiano ukiwa 2. Uwiano ukiwa 5, utatoa mapipa 20,000 tu. Gharama ya ujenzi haibadiliki, wala riba ya mkopo haipungui.

Hilo ndilo lililoufika mradi wa Long Lake, kusini mashariki mwa Fort McMurray. Kampuni za Nexen na OPTI Canada ziliujenga kwa matarajio ya mapipa 72,000 ya lami kwa siku, na kando yake zikaweka mtambo ghali wa kuisafisha lami hiyo na kuigeuza mafuta mepesi.

Mvuke ulianza kuingia ardhini mwaka 2007. Lakini mwamba wa huko haukuwa kama ulivyodhaniwa. Palikuwa na tabaka zenye maji mengi na mafuta haba, ambazo ziliunyonya mvuke kama mchanga mkavu unavyonyonya mvua. Katika miaka ya mwanzo uwiano ulielea karibu na 5, na kufikia 2011 mradi ulikuwa haujafikisha nusu ya mapipa yaliyoahidiwa.

OPTI, iliyokuwa na madeni makubwa na bila mradi mwingine wa kuiokoa, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Julai 2011, kisha ikanunuliwa na kampuni ya CNOOC ya Uchina. Mnamo Februari 2013, kampuni hiyo ya Uchina ikaimeza Nexen yenyewe kwa dola bilioni 15.1 za Marekani.

Msiba haukuishia hapo. Mwaka 2015, bomba la mradi huo lilipasuka na kumwaga takriban mapipa 31,500 ya mchanganyiko wa lami, maji na mchanga. Januari 2016, mlipuko katika mtambo wa kusafishia uliwaua wafanyakazi wawili.

Huenda mtu akauliza kwa nini wahandisi wasiongeze tu nguvu ya mvuke pale mafuta yanapokataa kutoka. Jibu lilipatikana Mei 2006 katika mradi wa Joslyn, ambako mvuke uliosukumwa kwa shinikizo ulipasua mwamba unaofunika mafuta, ukalipuka hadi juu na kuacha shimo kubwa msituni. Tangu hapo wadhibiti wa Alberta wamekuwa wakali kuhusu shinikizo linaloruhusiwa. Ardhi ina kikomo chake, na uwiano mbaya hautibiwi kwa mabavu.

Mitego ya takwimu

Kwa kuwa tarakimu hii inabeba mabilioni ya pesa, namna inavyokokotolewa inastahili kuangaliwa kwa jicho pevu. Makampuni si lazima yadanganye. Yanaweza kusema kweli tupu na bado msomaji wa ripoti akapotoka.

Mtego wa kwanza ni wa muda. Kuna uwiano wa mwezi au mwaka mmoja, na kuna uwiano wa jumla tangu kisima kifunguliwe. Chukulia kundi la visima ambalo katika mwaka wa kwanza lilitumia mapipa 600,000 ya mvuke na kutoa mapipa 100,000 ya mafuta. Uwiano wake ni 6, kwani mvuke mwingi wa mwanzo hutumika kupasha mwamba moto kabla mafuta hayajaanza kushuka.

Mwaka wa pili kundi hilo likitumia mapipa 900,000 na kutoa 400,000, uwiano wa mwaka huo ni 2.25, ilhali ule wa jumla ni 3. Anayetaka kuusifu mradi atautaja wa kwanza, na anayetaka kuuponda atautaja wa pili. Wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Uzeeni mambo hugeuka. Ikiwa baada ya miaka tisa kundi hilo limetumia mapipa milioni 7.2 na kutoa milioni 2.88, uwiano wa jumla ni 2.5. Mwaka wa kumi likitumia 700,000 na kuambulia 140,000, uwiano wa mwaka huo ni 5, dalili kwamba kisima kinakata roho. Lakini ule wa jumla utapanda hadi 2.6 tu. Wakati uliopita umeufunika wakati uliopo.

Mtego wa pili ni wa wastani. Kundi moja likitumia mapipa 20,000 ya mvuke kwa 10,000 ya mafuta, uwiano ni 2. La pili likitumia 10,000 kwa 2,000, uwiano ni 5. Karani mvivu atajumlisha 2 na 5, agawanye kwa mbili, apate 3.5. Hesabu sahihi ni kujumlisha mvuke wote, kujumlisha mafuta yote, ndipo kugawanya, na jibu ni 2.5.

Mtego wa tatu ni mpya zaidi. Makampuni kadhaa sasa huchanganya mvuke na vitu vingine. MEG ilijijengea jina kwa kuingiza gesi asilia pamoja na mvuke katika visima vilivyokwisha kukomaa, ili gesi hiyo ishikilie shinikizo na mvuke uelekezwe kwingine. Imperial nayo ilianza mwaka 2024, katika eneo la Cold Lake, kutumia mvuke uliochanganywa na viyeyusho vyepesi.

Mbinu hizi hupunguza mvuke kikweli, na wataalamu wengi wanaziona kuwa ndiyo njia ya mbele. Lakini gesi au kiyeyusho kinachobaki ardhini hakimo katika hesabu ya mvuke, ijapokuwa kimenunuliwa kwa pesa. Uwiano ukishuka kwa njia hiyo, anayetaka kujua gharama halisi hana budi kuuliza ni nini kilichochukua nafasi ya mvuke.

Jua la Oman

Nchi inayoonyesha upande mwingine wa hesabu hii ni Oman, ambako familia nyingi za pwani ya Afrika Mashariki zina ndugu na jamaa. Oman ina mafuta mazito katika maeneo ya Mukhaizna, Amal na Qarn Alam, na yote matatu yamekuwa yakitiwa mvuke.

Tofauti na Alberta, gesi ya Oman ina wagombea wengi. Inatakiwa na mitambo ya umeme, viwanda, na kituo cha Qalhat kinachoigeuza kimiminika kwa ajili ya kuuzwa Asia. Nchi hiyo hata imekuwa ikipokea gesi ya Qatar kupitia bomba la Dolphin. Kila mtungi unaochomwa ili kuchemsha maji jangwani ni mtungi ambao haukuuzwa.

Ndipo kampuni ya mafuta ya PDO, ambayo serikali ya Oman ina hisa nyingi zaidi, ikageukia jua. Mwaka 2013 mtambo mdogo wa majaribio ulianza kutengeneza mvuke huko Amal kwa kutumia vioo vilivyowekwa ndani ya nyumba za kioo ili visiharibiwe na vumbi. Mwaka 2015 ukatangazwa mradi mkubwa wa Miraah, neno la Kiarabu lenye maana ya kioo, uliokusudiwa kufikia megawati 1,021 za joto na kutoa tani 6,000 za mvuke kwa siku.

Sehemu ya mradi huo ilijengwa na ikafanya kazi. Lakini kampuni ya GlassPoint, iliyobuni teknolojia hiyo, ilifilisika mwaka 2020 wakati janga la corona lilipoporomosha bei ya mafuta.

Funzo la Miraah ni kwamba uwiano wa mvuke kwa mafuta hausemi moto umetoka wapi. Kisima cha Amal kikihitaji mapipa 4 ya mvuke, kitahitaji 4 hayo hayo yawe yamechemshwa kwa gesi au kwa jua. Uwiano haujabadilika, ila gesi iliyookolewa ni nyingi. Anayelinganisha Oman na Alberta kwa tarakimu hiyo pekee atakuwa amelinganisha sufuria bila kuangalia kuni.

Mizani ya hewa

Suala la moto linaturejesha Alberta, ambako siasa za mazingira zimeufanya uwiano huu kuwa jambo la serikali. Gesi inayochomwa kwa uwiano wa 2 hutoa takriban kilo 50 za hewa ya ukaa kwa kila pipa la mafuta. Kwa uwiano wa 5, ni zaidi ya kilo 125. Hewa hiyo hutoka hata kabla ya mafuta yenyewe kuchomwa katika injini ya gari.

Lau kila tani ya hewa hiyo ingetozwa dola 100, mradi wa kwanza ungelipa dola 5 kwa pipa na wa pili zaidi ya dola 12. Kwa sasa sheria za Alberta hutoza ile sehemu tu inayozidi kiwango kilichowekwa, hivyo mzigo halisi ni mwepesi kuliko huo. Hata hivyo, mwelekeo ni dhahiri. Kadiri ada inavyopanda, ndivyo wenye uwiano mkubwa wanavyosukumwa ukingoni.

Novemba 27, 2025, wiki mbili tu baada ya Cenovus kuinyakua MEG, Waziri Mkuu Mark Carney na kiongozi wa Alberta, Danielle Smith, walitia saini mkataba wa maelewano unaofungamanisha mpango wa bomba jipya la kuelekea Bahari ya Pasifiki na mradi mkubwa wa makampuni wa kunasa hewa ya ukaa na kuizika ardhini.

Wanaouunga mkono mpango huo wanasema utaiwezesha Kanada kuuza mafuta yake bila kuitelekeza hali ya hewa. Wanaoupinga wanasema ni kisingizio cha kuendelea kuchimba. Lakini kunasa hewa ni sawa na kupiga deki maji yanayomwagika kutoka kwenye mfereji. Pipa la mvuke ambalo halikutengenezwa kabisa halihitaji kunaswa chochote, na kwa hiyo kupunguza uwiano ndiyo njia ya kuufunga mfereji wenyewe.

Kwa mtazamo huo, ununuzi wa MEG unaeleweka vyema. Cenovus haikununua mapipa ya mafuta peke yake, kwani hayo yamejaa Alberta. Ilinunua mapipa yanayohitaji moto mdogo, ambayo yataendelea kuleta faida hata bei ya mafuta ikishuka, gesi ikipanda au ada ya hewa ikiongezwa. Shell ililiona hilo kwa uchungu Oktoba 2015 ilipouacha katikati ya ujenzi mradi wake wa mvuke wa Carmon Creek, bei zilipoporomoka na mabomba ya kusafirishia mafuta yakawa haba.

Swali kwa Afrika Mashariki

Mafuta ya Lokichar, Turkana, yaliyogunduliwa mwaka 2012, si lami na hayahitaji kutiwa mvuke kama ya Alberta. Hata hivyo, yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida. Ndiyo maana bomba lililopendekezwa kuyafikisha Lamu limepangwa kuwa la kupashwa moto. Vivyo hivyo, bomba la mafuta ya Uganda kutoka Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, lilibuniwa kupashwa moto njia nzima.

Kwa hiyo, ijapokuwa kipimo chenyewe ni tofauti, swali ni lile lile: je, ni nishati kiasi gani itatumika ili pipa moja limfikie mnunuzi, na itatoka wapi? Mijadala kuhusu mafuta ya Turkana, hasa tangu kampuni ya Tullow ilipoiuzia Gulf Energy mali zake za Kenya mwaka 2025, imejikita katika mgao wa mapato, ardhi ya wafugaji na ajira za wenyeji. Hayo ni mambo ya msingi. Lakini mapato ya kugawana hupatikana baada ya gharama kutolewa, na moto wa kuyayeyusha mafuta ni sehemu ya gharama hizo.

Katika Alberta, mtu yeyote anaweza kufuatilia ni mvuke kiasi gani umeingia katika mradi na ni mafuta kiasi gani yametoka, kwani wadhibiti hudai takwimu hizo na kuzitoa kwa umma. Ni kwa uwazi huo ndipo udhaifu wa Long Lake ulipojulikana mapema, wenye hisa wakaanza kuuliza maswali magumu, na makampuni mengine yakajifunza kuchunguza mwamba kabla ya kujenga mitambo.

Wabunge wa Kenya na Uganda wanaopitisha mipango ya mafuta wana haki ya kudai takwimu za aina hiyo, zikiwa zimeandikwa kwa mwezi na kwa jumla, na zikionyesha nishati yote iliyotumika. Aghalabu wananchi huambiwa kuna mapipa mangapi chini ya ardhi. Walichofundishwa wawekezaji wa Alberta, baadhi yao kwa hasara kubwa, ni kuuliza pia kila pipa litakula kiasi gani kabla ya kutoka.